Semina Isiyo na Swali

Ubao wa matangazo wa chuo ulikuwa umepigiliwa ukutani kati ya mlango wa kantini na mlango wa choo, mahali ambapo kila apitaye ana haraka zake. Ndiyo maana matangazo ya semina yalisomwa na wachache, na hao wachache walisoma huku wanatembea. Wiki hiyo tangazo lilikuwa na mistari mitatu chini ya maneno "Semina Zijazo". Jumatatu, uchumi: kwa nini watu hununua vitu wasivyovihitaji. Jumatano, sayansi ya ubongo: kinachotokea kichwani mtu anaposubiri. Alhamisi, saikolojia: kwa nini watu hukaa kimya kwenye semina.

Mwenye semina ya Alhamisi alikuwa amesimama mbele ya ubao huo na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa, akitamani mvua inyeshe ndani ya korido na ilowanishe mstari wake peke yake.

Alikuwa mhadhiri msaidizi wa saikolojia, na chuo kizima kilimwita Samahani. Jina hilo hakusingiziwa. Aliwaomba samahani wanafunzi waliochelewa darasani kwake. Aliuomba samahani mlango wa ofisi uliogoma kufunguka. Siku moja alikanyagwa kwenye foleni ya kantini, na aliyemkanyaga alipogeuka ili aombe radhi, akakuta ameshaombwa yeye.

"Dada, hii ya Alhamisi si yako?" aliuliza mwanafunzi mmoja aliyetoka chooni akijifuta mikono kwenye suruali.

"Ni yangu. Samahani."

"Kwa nini watu hukaa kimya?"

"Ndiyo."

"Si kwa sababu hawana la kusema?"

"Samahani," alisema tena, akanywa chai yake ya baridi. Mwanafunzi akangoja kidogo kwa adabu, kisha akaenda zake.

Chuo hicho kilikuwa na sheria ambayo vyuo vingine huenda vingeicheka: semina isiyoulizwa swali haihesabiwi. Sheria haikuzuka hivi hivi. Miaka ya nyuma alifika mgeni mmoja mwenye tai na mkoba, akapokelewa kwa heshima zote, akapandishwa jukwaani kwenye semina ya uchumi, akazungumza asubuhi nzima juu ya maradhi ya kwato za ng'ombe. Wachumi walitikisa vichwa kukubali. Waliandika. Mmoja alisikika akimnong'oneza mwenzake kwamba ng'ombe hapa ni mfano tu, jamaa anamaanisha benki kuu. Walimpigia makofi, wakamsindikiza hadi kwenye gari, na hapo ndipo dereva alipowauliza kama hii ndiyo kampasi ya mifugo.

Tangu hapo ikapitishwa kwamba lazima mtu aulize, tena awe ameketi ukumbini. Swali la mwenyekiti halikuhesabiwa, wala maoni, wala pongezi, wala ile hotuba ndefu ya mtu anayeanza kwa kusema "nina swali dogo" na kumaliza kwa kusema "ahsanteni".

Na kila mhadhiri msaidizi alitakiwa kuwa na semina moja iliyohesabiwa, ndipo athibitishwe kazini. Samahani alishatoa yake muhula uliopita. Alizungumza kwa sauti ndogo mno, hata waliokaa mstari wa mbele wakadhani bado anajaribu kipaza sauti. Alipomaliza hakuna aliyeuliza, kwa kuwa hakuna aliyesikia. Sasa muhula mwingine ulikuwa unafungwa, semina ya Alhamisi ndiyo ya mwisho, na mkuu wa idara alikuwa amemwambia bila kuzunguka: ikipita bila swali, nafasi yake inatangazwa upya.

Ubaya ni kwamba hakuna kitu alichokiogopa duniani kama kuulizwa swali mbele ya watu. Alikuwa anaomba usiku na mchana apewe kile kile alichokuwa anakikimbia.

* * *

Shangazi yake, aliyemlea na ambaye bado aliishi naye, alikuwa fundi cherehani. Alizungumza na pini mdomoni, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumeza hata moja wala kupunguza neno.

"Kwani swali kitu gani?" alisema jioni hiyo, akiwa amepiga magoti kukunja pindo la gauni ambalo Samahani angelivaa Alhamisi. "Mimi nashinda hapa naulizwa. Itakuwa tayari lini? Mbona imebana? Jana si ulisema leo? Simama wima, mwanangu. Ukijikunja hivyo gauni litatoka na kibiongo."

"Wewe unaulizwa na wateja, Shangazi. Wale ni maprofesa."

"Maprofesa hawavai nguo? Nitakuja mimi, nitauliza."

"Usije, Shangazi. Tafadhali."

"Mlango wa chuo una kufuli? Nitakaa nyuma kimya, ukimaliza nauliza. Nipe hilo swali nilikariri."

"Halitakuwa swali la kweli kama nimekupa mimi."

Shangazi akatoa pini zote mdomoni, jambo alilolifanya pale tu mazungumzo yalipofika pabaya. "Unataka swali, au unataka kunifundisha maadili? Kama hunipi, nitatafuta langu."

Samahani aliwaza shangazi yake akisimama katikati ya ukumbi wa maprofesa, akatokwa na jasho. Kisha aliwaza ukumbi usio na mtu wa kusimama, likamtoka jasho jingine, baridi zaidi.

"Basi njoo," alisema.

Kesho yake mambo yakaanza kumnyookea. Msimamizi wake wa utafiti, daktari wa saikolojia, mwanamke mtu mzima mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo, alimwita ofisini akamfungia mlango.

"Nimekuona unavyokonda," alisema. "Acha kuwaza. Siku hiyo swali nitauliza mimi."

"Ahsante sana, mama. Lakini samahani, usijisumbue mno. Shangazi yangu naye amesema atauliza."

"Oo! Kumbe unaye mtu?" Daktari akaegemea kiti. "Basi vizuri sana. Hata hivyo nami nipo."

Kwenye ngazi akakutana na profesa wa uchumi, mtu wa tumbo na tai fupi, ambaye aliamini kwamba hata mtoto mchanga halii bila kupiga hesabu ya faida.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti. Nimesikia habari zako. Watu hawaulizi kwa sababu hakuna wanachopata. Dawa ni motisha. Nimeandaa kikombe kizuri chenye nembo ya idara. Muulizaji wa kwanza anaondoka nacho. Na wakizubaa, nitauliza mimi, maana kikombe chenyewe nakipenda."

"Ahsante, Profesa. Samahani kwa usumbufu. Hata msimamizi wangu ameniahidi, na shangazi yangu pia, kwa hiyo usijilazimishe."

"Kumbe soko limeshajaa!" alisema Profesa, na mabega yake yakashuka kwa raha. "Haya, mimi nitakuwa akiba."

Wa mwisho alikuwa daktari kijana wa sayansi ya ubongo, aliyetembea siku zote na kofia ya mpira yenye nyaya za kupimia ubongo, akimtafuta mtu wa kumvisha. Alimsimamisha Samahani nje ya maabara.

"Dada, Alhamisi usiwe na wasiwasi. Mimi kunyamaza siwezi hata nikilipwa. Nitauliza."

"Ahsante, Daktari. Samahani, nisikupe mzigo. Profesa wa uchumi, msimamizi wangu na shangazi yangu wote wameahidi."

"Wote hao?" Akacheka. "Basi siku hiyo mimi nitakosa hata nafasi."

Samahani alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyetua gunia. Watu wanne! Alikula akashiba, akamweleza shangazi yake kwamba mambo ni shwari, kwamba wasomi watatu wazima watamwuliza maswali, na shangazi akafurahi sana, akasema basi yeye atakuja kwa ajili ya kupiga makofi tu na kuonesha kitambaa kipya. Mwaka mzima Samahani alikuwa amesoma, ameandika na amechora grafu kuhusu jinsi watu wanavyotegeana, na kichwa hicho hicho kililala usingizi mzito bila kushtuka.

* * *

Alhamisi ukumbi ulijaa. Jumatatu na Jumatano walikuja wachache, lakini habari ya kikombe ilikuwa imesambaa, na habari ya mhadhiri ambaye angefukuzwa kazi ilisambaa zaidi. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa ghorofa ya juu, viti vya kukunja, pazia moja lililokosa pete mbili, na projekta iliyokoroma kama mtu mwenye mafua. Kikombe kilikaa peke yake juu ya meza ya mbele. Mwenyekiti wa semina, profesa mzee wa hisabati aliyeshiriki kuitunga ile sheria, alikuwa amekaa kando yake akikilinda.

Shangazi aliingia na kitambaa chake cha manjano, akachagua kiti katikati ya mstari wa pili, akawasalimia walio mbele na walio nyuma, akiwaambia yeye ni shangazi wa mwenye semina.

Samahani alianza vibaya. "Samahani," alisema kwenye kipaza sauti, "naomba nianze." Mtu akacheka. Shangazi akageuka kumtafuta huyo aliyecheka. Kisha Samahani akaangalia grafu yake ya kwanza ukutani, na kwa kuwa grafu haina macho, akaanza kuizungumzia.

Alieleza jaribio lake. Alimwomba mhadhiri mmoja aoneshe darasani mchoro uliogeuzwa miguu juu kichwa chini, aufundishe vile vile bila kucheka. Darasa likiwa na wanafunzi wachache, lazima mmoja angesema, mwalimu, mbona uko kinyume? Darasa likijaa, hakuna. Wote wanaandika, na wengine wanainamisha vichwa vyao upande ili wauone vizuri.

"Niliwahoji mmoja mmoja baadaye," alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda bila yeye kujua. "Kila mmoja aliuona. Kila mmoja aliniambia alikuwa anamngoja mwenzake."

Ukumbi ukacheka, safari hii kicheko kizuri. Akaendelea. Alieleza kwamba "kuna swali?" ni maneno yanayosemwa kwa watu wote na kwa hiyo hayamfikii mtu yeyote. Alieleza kwamba mwalimu alipomgeukia mtu mmoja na kumwambia "wewe", mtu huyo alisema, hata kama alikuwa bubu muhula mzima. Alisema hayo yote akilitazama dirisha, lakini aliyasema, na waliokaa nyuma waliyasikia.

"Ahsanteni," alimaliza. Makofi yakalia. Shangazi alipiga yake na ya watu wengine watatu.

Mwenyekiti akasimama. "Tumesikia. Sasa, kuna swali?"

Kimya.

Kimya chenyewe mwanzoni kilikuwa cha kawaida, cha watu wanaojiweka sawa vitini. Samahani aliingojea sauti ya msimamizi wake. Msimamizi wake alikuwa amevaa miwani na kumtazama profesa wa uchumi kwa uso wa mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Profesa wa uchumi akajibu kwa kiganja wazi: hapana, wewe kwanza, mama. Kisha akamgeukia daktari wa ubongo, akamwinulia nyusi. Daktari wa ubongo akatabasamu, akaelekeza kidole gumba kwa shangazi. Shangazi, alipoona wasomi wote wanamtazama, akadhani wanasifia kitambaa. Akakiweka vizuri begani, akawapungia mkono.

Projekta ilikoroma. Mtu alikohoa, na nusu ya ukumbi ikageuka kumtazama kwa matumaini. Kumbe ni kikohozi tu.

"Kuna swali?" Mwenyekiti alirudia. Akaangalia saa ya ukutani, kisha akamwangalia Samahani kwa huruma ya mtu ambaye sheria ni yake lakini roho si ya chuma. "Basi, kama hakuna, naona sina budi kutamka kwamba semina hii..."

Hapo ndipo Samahani alipoona. Aliwaona mmoja baada ya mwingine, kama alivyowaona wale wanafunzi wake: hao wanaolijua jambo, wanaolitaka litendeke, na wanaongoja. Ilikuwa ni grafu yake, imevaa tai na miwani na kitambaa cha manjano. Tena aliyeichora ni yeye. Alikwenda kwa kila mmoja na samahani zake, akamwambia wenzako wapo, usijisumbue. Na kweli hawakujisumbua.

Dawa aliijua. Alikuwa ameieleza sasa hivi, kwa dirisha. Moyo ulimdunda mpaka akahisi kipaza sauti kinausikia. Aliinua mkono wake wa kulia, kiganja chote, maana kumnyooshea mkubwa kidole hakuweza, akauelekeza mstari wa mbele.

"Wewe," alisema.

Mwenyekiti akanyamaza katikati ya neno.

Profesa wa uchumi akatazama nyuma yake. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa watu waliofurahi kwamba si wao.

"Wewe, Profesa," alisema Samahani. "Uliza."

"Kwa nini mimi?" alimaka Profesa.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Lakini Mwenyekiti hakucheka. Aliinua mkono mpaka watu wakatulia.

"Nimesikia swali," alisema.

"Swali gani!" Profesa akasimama. "Lile halikuwa swali, Mwenyekiti. Nilishtuka tu."

"Mshtuko hauna maneno, Profesa," alidakia daktari wa ubongo. "Mshtuko ni 'aa!' Wewe umetoa maneno matatu yaliyopangika."

"Nyamaza wewe, uliyekuwa umeahidi kuuliza!"

"Na wewe je?"

"Mimi nilikuwa akiba!"

"Profesa," alisema Mwenyekiti polepole, kama anayemwongoza mtoto kwenye hesabu ya kugawanya, "ulipomwuliza binti huyu kwa nini wewe, ulitaka kujua, au hukutaka?"

Profesa akafikiri. Alikuwa na makosa mengi, lakini uongo mbele ya watu haukuwamo. "Nilitaka kujua," alikiri. "Na bado nataka. Humu tuko wengi. Kwa nini mimi?"

"Basi limeulizwa kutoka ukumbini na muulizaji anataka jibu. Semina imehesabiwa. Mtoa semina, mjibu mzee."

Samahani alihisi kitu kimemtoka mabegani, lakini hakukuwa na nafasi ya kukisindikiza. Watu wote walikuwa wanamtazama, na safari hii hakutafuta dirisha.

"Ni kwa sababu uliniahidi, Profesa. Msimamizi wangu naye aliniahidi, na daktari pale, na shangazi yangu yule mwenye kitambaa. Kila aliyeniahidi nilimwambia kwamba wengine wameahidi. Nilianza na watu wanne. Nilipomaliza kuwatuliza sikubaki na hata mmoja."

"Mimi nilikuwa nalo!" Shangazi akasimama. "Nilikuwa nalo hapa ulimini! Uliniambia mwenyewe mambo ni shwari. Halafu huyu baba mwenye tai akajikohoza, nikajua ndiye anaanza."

"Sikukohoa mimi, mama."

"Basi ni tumbo. Lakini ulitoa sauti."

Mwenyekiti akagonga meza, kikombe kikaruka. "Mama, una swali au una kesi?"

"Nina swali. Wateja wangu wakija wote kwa pamoja kuchukua nguo, hakuna anayesema imebana. Akija mmoja peke yake, maneno hayaishi: hapa imevuta, hapa imepwaya. Ndiyo hii hii unayosema?"

"Ndiyo hii hii, Shangazi."

"Haya. Kuanzia leo nawaita wote kwa wakati mmoja."

Baada ya hapo mikono ikaota. Msimamizi wake, kwa aibu yake, aliuliza swali gumu kuliko yote, juu ya wanafunzi ambao wangekaa kimya hata wakiwa wawili, na Samahani akalijibu mpaka miwani ikarudi kifuani. Profesa wa uchumi aliuliza iweje motisha ya kikombe imeshindwa. Akajibiwa kwamba kikombe nacho kilitangaziwa watu wote. Hapo akakumbuka, akasema kwa vyovyote muulizaji wa kwanza ni yeye, akaenda mbele akakichukua.

"Na je," aliuliza daktari wa ubongo, "ukimwelekezea mkono mtu ambaye kweli hana la kuuliza?"

Samahani akafikiri. Lilikuwa swali la aina ile aliyoiota usiku na kuamka nayo. Alitafuta jibu kichwani, akakuta pamefagiwa.

"Sijui," alisema. "Hilo sijalijaribu."

Alisubiri aibu imshukie. Daktari alitikisa kichwa kwa shukrani, akaandika kitu, na mambo yakaendelea. Ni hilo tu. Samahani alishangaa kidogo, kama mtu aliyekaza mguu kwa ngazi moja zaidi akakuta ameshafika chini.

"Muda wetu umekwisha," alisema Mwenyekiti akisukuma kiti nyuma. "Semina imehesabiwa, kantini inafunga, na mimi ni mtu mzima mwenye njaa. Naomba tu..."

"Bado, Mwenyekiti," alisema Samahani. "Kuna mkono kule nyuma."

Watu wakageuka. Mstari wa mwisho kabisa, karibu na pazia lililokosa pete, mhadhiri mmoja wa takwimu alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, si ya kuuliza kitu. Alikuwa anajinyoosha. Alisinzia tangu grafu ya kwanza, na mlio wa kiti cha Mwenyekiti ulikuwa umemwamsha sasa hivi. Alipoona ukumbi wote umemkodolea, aliushusha mmoja na kuusahau mwingine hewani.

"Ndiyo, wewe," alisema Samahani.

"Mimi?"

"Wewe. Uliza."

Mtu yule akamtazama jirani yake wa kulia, akamtazama wa kushoto, wote wakajifanya hamnazo. Akakohoa. Akaweka tai sawa.

"Hivi," aliuliza, "hii semina inahusu nini?"

Shangazi alikuwa wa kwanza kuangua kicheko, na ukumbi ukamfuata, Mwenyekiti akiwamo. Profesa wa uchumi alicheka mpaka akakishika kikombe chake kwa mikono miwili kisimdondoke. Mhadhiri wa takwimu akaanza kuzama kitini.

"Usikae," Samahani alimwambia. Akamwashiria daktari wa ubongo alichukue hilo kama jibu la swali lake, kisha akageuza projekta kwenye grafu ya kwanza kabisa, akasogeza kipaza sauti karibu na mdomo, akaanza kumweleza.